Nyumba ya Kiwandani na Hesabu ya Mpitimbi

Kila zinapozungumzwa nyumba za kuunganisha, kinachotajwa kwanza ni kasi. Nyumba inaundwa kiwandani, inapakiwa kwenye lori, inashushwa juu ya msingi, na baada ya siku chache familia inahamia. Hayo ni kweli. Teknolojia ipo na imeshathibitishwa katika nchi nyingi. Lakini kasi ni jibu la swali ambalo sehemu kubwa ya wanaojenga Tanzania hawaliulizi. Mkulima wa Mpitimbi, kata iliyo kusini mwa mji wa Songea, upande wa kuelekea Muhukuru na mpaka wa Msumbiji, hacheleweshwi na mafundi. Anacheleweshwa na fedha inayoingia kwa msimu, na mvua inayosimamisha kazi kwa miezi mingi, na umbali kati yake na viwanda vya vifaa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ujenzi wa kiwandani una faida kubwa hata kwa mkulima huyo, ila faida hiyo haitamfikia kwa njia ya nyumba nzima iliyobebwa na lori. Itamfikia kwa vipande, na kipande cha kwanza kinachostahili kutoka kiwandani ni paa.

Tuanze na namna nyumba hizi zinavyoundwa, maana bila kuitazama kazi yenyewe ni rahisi kuzipenda au kuzikataa kwa sababu zisizo zake. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni ya paneli: kuta, sakafu na paa hutengenezwa kama vipande bapa, hupangwa kwenye lori na kusimamishwa kiwanjani. Ya pili ni ya vyumba kamili, yaani sanduku lenye sakafu, kuta na dari, mara nyingi likiwa na nyaya, mabomba, vigae na hata sinki lake. Katika njia zote mbili kinachotofautisha kiwanda na kiwanja ni meza. Kwenye kiwanda cha paneli za mbao, meza hiyo ni ya chuma, ndefu kuliko ukuta utakaoundwa, nayo ina vizuizi vilivyofungwa mahali pake. Fundi anapanga mbao za kusimama kati ya vizuizi hivyo, kila moja ikiwa sentimita 40 au 60 kutoka kwa mwenzake, anazisukuma mpaka zigote, kisha anazipiga misumari kwa bunduki ya upepo. Hana haja ya kupima kila ubao kwa futi kamba, kwa kuwa vipimo vimeshakaa mezani. Fremu ikikamilika hupimwa pembe kwa pembe: mishazari miwili ikilingana, ukuta uko mraba, ikipishana hata kwa milimita chache, unagongwa mpaka ukae sawa. Upande mmoja hufungwa bodi, ukuta hugeuzwa, mabomba ya nyaya na ya maji hupitishwa ndani, nafasi iliyobaki hujazwa pamba ya kioo au povu la kuzuia joto na baridi, na upande wa pili hufungwa. Dirisha hutiwa likiwa na kioo chake. Yote hayo hufanyika chini ya paa, mbao zikiwa kavu, fundi akiwa amesimama badala ya kuchutama.

Kiwanjani kazi inageuka kuwa ya vipimo na viungo. Ukuta wa tofali humeza makosa ya msingi, kwa sababu mwashi anaweza kuongeza udongo au saruji katika mistari ya kwanza mpaka usawa upatikane. Paneli haina huruma hiyo. Msingi ukiwa na kosa la sentimita mbili, bolti zilizochomoza kwenye zege hazitakutana na matundu ya ukuta, na siku iliyopangwa kwa kusimamisha nyumba itaishia kwenye kutoboa upya. Kuta zikishasimama hufungwa pembeni kwa skrubu ndefu au bolti, mpira au povu huwekwa kwenye mwanya, na mkanda wa kuzuia maji hupita juu yake. Kama ni vyumba kamili, kreni huviweka kimoja kando ya kingine au kimoja juu ya kingine, kisha nyaya na mabomba ya chumba kimoja huungwa na ya chumba cha pili. Uhai wa nyumba yote uko kwenye viungo hivyo. London iliujua ukweli huo kwa uchungu tarehe 16 Mei 1968, jengo la Ronan Point, lenye ghorofa 22 na lililosimamishwa kwa paneli za zege, lilipobomoka upande mmoja kutoka juu hadi chini baada ya mlipuko mdogo wa gesi katika chumba kimoja. Watu wanne walikufa. Paneli zenyewe zilikuwa imara. Kilichokosekana ni viungo vya kuzishikilia pamoja moja ilipotoka.

Wazo la kusafirisha sehemu za nyumba halikuanzia kwa wageni. Kwa karne nyingi boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu zilikatwa, zikahesabiwa kwa korja, zikapakiwa kwenye majahazi na kupelekwa Arabuni na Ghuba. Nyumba ya mawe ya Zanzibar au Lamu ilichukua upana wa chumba kutokana na urefu wa boriti, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Mlango wa kuchonga nao uliundwa na kumalizwa karakanani, ndipo ukaletwa ukutani. Huo ulikuwa mfumo kamili: kipande chenye kipimo kinachojulikana kinasafiri, na kilichobaki kinajengwa kwa mawe, chokaa na mikono ya mahali penyewe. Naona mfumo huo una mafunzo mengi kwa Mpitimbi kuliko matangazo mengi ya leo.

Ulaya na Marekani nazo zilipitia njia ya namna hiyo. Bati la mikunjo lilisajiliwa London mwaka 1829, na katika miaka ya 1830 seremala John Manning wa jiji hilohilo alikuwa akiuza nyumba ndogo za mbao za kukunjua na kuunganisha kwa wahamiaji waliokwenda Australia. Kampuni ya Sears, Roebuck ya Marekani iliuza kwa katalogi, kati ya mwaka 1908 na 1940, nyumba zinazokadiriwa kufika 70,000. Mnunuzi alipokea kwa reli mbao zilizokwisha kukatwa na kuwekwa namba, misumari, rangi na kitabu cha maelekezo, akajenga mwenyewe au kwa fundi wa kijijini kwake. Kwa miaka mingi kampuni ilitoa pia mkopo wa kuinunulia nyumba hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilisimamisha nyumba za muda zaidi ya 150,000 ndani ya miaka michache, baadhi zikitoka kwenye viwanda vilivyokuwa vikitengeneza ndege. Tukizipanga kesi hizi pamoja, tunaona jambo moja likijirudia. Nyumba ya kiwandani ilishamiri palipokuwa na njia rahisi ya usafiri, palipokuwa na mkopo au serikali ya kulipa kwa mkupuo, na palipokuwa na oda zisizokatika. Mambo hayo matatu yakikosekana, kiwanda hufa hata kama nyumba zake ni nzuri.

Ushahidi wa kufa huko uko karibu nasi kwa wakati. Mwanzoni mwa mwaka 2020 dunia nzima iliona hospitali ya Huoshenshan, mjini Wuhan, yenye vitanda 1,000, ikisimamishwa kwa takribani siku kumi kwa vyumba vya kuunganisha. Lakini mwaka uliofuata tu, kampuni ya Marekani ya Katerra, iliyokuwa imekusanya mitaji ya karibu dola bilioni 2 kwa ahadi ya kuugeuza ujenzi kuwa kazi ya kiwandani, ilifilisika. Mwaka 2023 ilke Homes ya Uingereza ilianguka, na Legal & General, taasisi kubwa ya fedha ya nchi hiyohiyo, ikasitisha uzalishaji katika kiwanda chake cha nyumba. Hizo ni nchi zenye barabara, kreni na mikopo ya nyumba ya muda mrefu. Kiwanda kina gharama zisizolala: kodi ya jengo, mashine, mishahara. Mwashi asiye na kazi Januari anarudi shambani na hadaiwi na mtu. Kiwanda kisicho na oda Januari kinadaiwa na benki.

Afrika Mashariki viwanda hivi vimekaa palipo na soko linalovibeba. Shirika la Nyumba la Kenya liliweka kiwanda chake cha paneli huko Mavoko, jirani na Nairobi. Paneli zake ni povu jeupe lililobanwa kati ya nyavu mbili za waya, ambalo baada ya kusimamishwa hupigwa zege jembamba pande zote. Zanzibar, mradi wa Fumba Town wa kampuni ya CPS umejenga nyumba kwa paneli za mbao, na mwaka 2021 ulitangaza mpango wa jengo la ghorofa 28 la mbao na zege kwa pamoja. Ni kazi ya kujivunia. Lakini Fumba iko kando ya bahari, karibu na bandari na uwanja wa ndege, na inauza kwa watu wenye uwezo wa kununua nyumba kabla haijajengwa, wakiwemo Watanzania wa ng'ambo na wageni. Anayeichukua picha ya Fumba na kuibandika juu ya ramani ya Ruvuma, mkoa ilimo Mpitimbi, anaacha nyuma kila kitu kinachoifanya isimame.

Sasa tuitazame nyumba ya Mpitimbi inavyojengwa. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mahindi yanavunwa kuanzia Mei hadi Julai. Ufuta na soya huuzwa kwa stakabadhi ghalani, tumbaku kupitia vyama vya ushirika, mahindi kwa wafanyabiashara au kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Fedha inaingia wakati wa kiangazi, na hicho ndicho pia kipindi cha kufyatua matofali, kupanga tanuru na kuchoma. Mwaka wa kwanza familia inaweza kupata matofali tu. Mwaka wa pili msingi. Wa tatu kuta zinafika kwenye lenta, kisha ada ya shule au ugonjwa unakula kilichobaki, na nyumba inasimama hapo ikiwa boma. Ndiyo maana ukipita vijijini unakuta kuta bila paa, majani yakiota mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Serikali yenyewe imekuwa ikitenga fedha mwaka hadi mwaka kumalizia maboma ya madarasa na zahanati yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi. Nguvu za wananchi zinatosha kufyatua, kuchoma, kubeba na kujenga. Zinakwama pale kinapohitajika kitu cha kununuliwa chote kwa siku moja: mbao za kenchi, bati, misumari.

Boma halisubiri bila hasara. Kuta nyingi za vijijini zimejengwa kwa tofali la kuchoma na udongo, saruji ikiwekwa kwenye msingi na lenta tu, au isiwekwe kabisa. Mvua ya msimu mmoja inanyesha juu ya ukuta ulio wazi, udongo wa viungo unashuka, tofali lisiloiva linalainika na kuvunjika, na mwaka unaofuata mistari ya juu inabidi ibomolewe na kujengwa tena. Hapa ndipo kasi ya kiwandani inapopata maana. Mkulima hana haja ya nyumba nzima kwa siku saba. Ana haja kubwa ya paa kwa siku mbili, mwezi Oktoba, kabla wingu la kwanza halijafika.

Hesabu ya lori inaelekeza upande huohuo. Chumba cha kiwandani chenye ukubwa wa kontena la futi 20 kina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.4, yaani hakifiki mita za mraba 15 za sakafu. Nyumba inayokaribia mita za mraba 60 inahitaji vyumba vinne vya namna hiyo, na kila kimoja kinajaza lori. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900 kupitia Iringa na Njombe, na kutoka bandari ya Mtwara kupitia Masasi na Tunduru ni zaidi ya kilomita 600. Juu ya hapo iongezwe njia ya kutoka Songea kwenda kijijini. Kinachosafirishwa ndani ya malori hayo manne kwa sehemu kubwa ni hewa. Chumba kikiwa kipana zaidi, lori linahitaji kibali maalumu. Likifika, linahitaji kreni, ambayo nayo lazima ije kutoka mbali na kulipwa hata kwa saa ilizokaa ikisubiri tope likauke. Paneli zina nafuu, kwa kuwa ukuta wa mita 2.4 kwa 2.4 wenye fremu ya mbao una uzito unaobebeka na watu wanne hadi sita. Lakini hata paneli zinakuja kushindana na kitu kigumu kushindwa: tofali lililofyatuliwa mita hamsini kutoka kwenye msingi, na watu wa nyumba hiyohiyo, wakati ambao hawana kazi nyingine shambani.

Paa lina hesabu tofauti. Bati la nyumba yenye paa la mita za mraba 100, la geji 28, lina uzito usiofika nusu tani. Kenchi kumi au kumi na mbili za mbao zilizokauka, pamoja na mbao za kupigia bati, hazizidi tani moja na kitu. Zikiundwa kwa nusunusu ili zifungwe kwa bolti kiwanjani, zote zinaingia kwenye Fuso moja na nafasi inabaki. Tena haziwezi kufyatuliwa uani. Mkulima lazima azinunue kwa hali yoyote, na leo anazinunua kwa namna mbaya kuliko zote: mbao mbichi za vipimo visivyolingana, zilizopandishwa bei katika kila mkono zilizopita, kisha zinakatwa kwa msumeno wa mkono juu ya nyasi. Fundi wa kijijini anaunda kenchi ya kwanza chini, anaitumia kama kigezo cha ya pili, ya pili inakuwa kigezo cha ya tatu, na kosa la unene wa msumari linakua mpaka kenchi ya mwisho inapishana na ya kwanza kwa vidole viwili. Mbao mbichi zinakauka zikiwa juu, zinapinda, bati linafunguka. Meza ya kiwandani, ile yenye vizuizi visivyosogea, inalimaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo, na ni teknolojia ambayo karakana yoyote ya seremala inaweza kuimudu.

Vilevile kiwanda hicho hakina haja ya kuwa Dar es Salaam. Mbao zipo upande huu wa nchi. Mashamba ya miti ya Sao Hill huko Mufindi, misitu ya watu binafsi ya Njombe, na shamba la serikali la Wino lililo Madaba, ndani ya mkoa wa Ruvuma wenyewe, ndiyo yanayolisha sehemu kubwa ya soko la mbao laini Tanzania. Songea ina chuo cha ufundi cha VETA na ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Peramiho, makao ya Wabenediktini tangu mwaka 1898, ina historia ndefu ya karakana na mafunzo ya ufundi. Kinachokosekana ni tanuri za kukaushia mbao, mashine za kukata kwa pembe sahihi, na zaidi ya vyote, mnunuzi wa uhakika.

Mnunuzi huyo ni serikali, na yamekwisha kuonekana anayoweza kuyafanya. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa zilizotolewa kukabili athari za UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, kwa shilingi milioni 20 kila moja. Hiyo ilikuwa oda kubwa ya jengo la aina moja ambayo kiwanda chochote cha Ulaya kingeitamani. Ikagawanywa vipande 15,000, kila shule ikatafuta mbao zake, fundi wake na bati lake, kwa wiki zilezile na katika maduka yaleyale, na bei za vifaa zikapanda. Simlaumu aliyeamua hivyo. Madarasa yalihitajika Januari na yakapatikana. Lakini kama theluthi moja tu ya mapaa hayo ingeagizwa kwa kipimo kimoja kutoka karakana kumi za kanda, leo karakana hizo zingekuwepo, zikiwa na mashine na mafundi waliozoea. Kwa nguzo za umeme jambo la namna hiyo lilifanyika. Usambazaji wa umeme vijijini ulipohitaji nguzo kwa wingi, na serikali mwaka 2017 ikazuia nguzo kutoka nje, viwanda vya kutia nguzo dawa vya Mufindi na Njombe vilipata soko la uhakika. Oda inayojulikana ndiyo ilivipa viwanda hivyo kazi.

Kuna hoja za kupinga, na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni ya ajira: karakana ikiunda kenchi, fundi wa Mpitimbi atakula nini? Fundi huyo hapotezi kazi ya kupaua. Anapoteza sehemu ya kukata na kupiga misumari chini, na anabaki na sehemu yenye ujuzi zaidi, ya kusimamisha, kunyoosha na kufunga. Tena mapaa yakipungua bei na kupatikana upesi, maboma yaliyolala yatafunikwa, na kila boma lililofunikwa linafungua kazi ya ripu, sakafu, milango na madirisha. Hata hivyo siwezi kusema hakuna atakayeumia. Seremala mkongwe asiyeweza kufika Songea ataona vijana wa karakana wakimchukulia mkate, na mpango wowote wa halmashauri unaopuuza watu wake utapingwa nao kwa haki. Namna ya kuliepuka hilo ni kuwafanya hao ndio wasimikaji waliosajiliwa, ili kila paa linalotoka karakanani litoke pamoja na kazi ya fundi wa kata.

Hoja ya pili ni mchwa. Inafaa kwa nyumba nzima ya mbao kuliko kwa paa, maana ukuta wa mbao unaogusa ardhi ya Ruvuma bila ulinzi hauna miaka mingi. Mbao zilizotiwa dawa kwa mgandamizo zinavumilia, na ujuzi huo upo Mufindi na Njombe tayari. Upepo unanitia wasiwasi zaidi. Kila mwaka zinasikika habari za mapaa ya shule kuezuliwa, na mara nyingi bati na mbao hazina kosa. Kosa liko pale kenchi inapokutana na ukuta, palipowekwa msumari mmoja au waya uliozungushwa juu ya tofali la mwisho. Funzo la Ronan Point linafika mpaka hapa. Paa la kiwandani lazima lije na vyuma vyake vya kulifunga kwenye lenta, vikiwa vimehesabiwa na kutobolewa, na asiyevifunga asilipwe.

Wapo watakaosema watu hawataki nyumba za kufanana. Wanakumbuka Michenzani ya Zanzibar, majengo marefu ambayo serikali ya Abeid Karume iliyapanga kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ramani moja ikirudiwa ghorofa kwa ghorofa, na wanakumbuka pia vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vilivyopangwa kwa mstari. Wasiwasi huo nauheshimu. Lakini kenchi za kipimo kimoja hazimlazimishi mtu ramani moja, kama ambavyo boriti hazikulazimisha. Familia moja itaweka vyumba viwili na baraza, nyingine vyumba vinne na ukumbi katikati. Kinachobaki palepale ni upana kati ya kuta zinazobeba paa. Na ukuta wenyewe unaweza kubaki wa tofali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza tofali la kufungamana, linalotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo kwenye mashine ya kushindilia, bila kuchomwa na karibu bila saruji ya kuunganishia. Hilo nalo ni ujenzi wa kiwandani uliopelekwa shambani, na linaokoa miti inayoteketea kwenye matanuru. Natamani lingeenea haraka zaidi. Lakini kati ya ukuta na paa, penye mkwamo ni paa.

Hoja iliyobaki ni ya fedha: hata paa la bei nafuu ni fedha ya mkupuo, na mikopo ya nyumba ya benki nchini haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa, kwa riba ambayo mkulima hawezi kuibeba, tena kwa dhamana ya hati asiyokuwa nayo. Ni kweli, na ndiyo sababu nyumba nzima ya kuunganisha haina nafasi huku kwa sasa. Paa, kwa kuwa ni kitu kimoja chenye bei moja, linakopesheka na vyombo ambavyo tayari vipo. Vyama vya msingi vya ushirika vya Ruvuma vinakopesha pembejeo na kukata deni kwenye mauzo ya tumbaku. Deni la paa linaloanza Oktoba na kulipwa kwa mavuno mawili au matatu ni la namna hiyohiyo. Mwaka wa ukame utaleta taabu, kama unavyoleta kwa pembejeo. Lakini tofauti na mbolea, paa linabaki juu ya kuta baada ya msimu kuharibika, na watoto wanalala chini yake.

Kuna hatua zaidi ya hapo, na inanivutia kuliko zote. Nyumba ya zamani ya miti na udongo ilianza na nguzo na paa. Kukandika kuta kulifuata, watu wakifanya kazi kivulini. Tofali la kuchoma liliugeuza mpangilio huo, likaweka paa mwisho, na pamoja nalo likaleta boma. Karakana inayotoa kenchi inaweza pia kutoa nguzo sita au nane za mbao zilizotiwa dawa, au za chuma, zenye vishikizo vyake. Familia ingesimamisha nguzo na paa katika mwaka wa kwanza, ikahifadhi matofali chini yake, kisha ikajaza kuta kadiri mavuno yanavyoruhusu. Chumba kimoja kikikamilika, wanahamia. Nyumba ingebaki ya kujengwa kidogo kidogo, kwa tofali na kwa jasho lao, ila isiyonyeshewa.

Kwa hiyo halmashauri ya wilaya ya Songea isianze kwa kutafuta mwekezaji wa nyumba za kuunganisha. Ianze na nyumba za walimu na wahudumu wa afya, ambazo kila kata inazihitaji. Ichague upana mmoja wa jengo, ichapishe mchoro wa kenchi moja uliopitishwa na mhandisi, iahidi kununua idadi inayojulikana kila mwaka kwa miaka mitano, na malipo yafanyike Agosti, wakati barabara ni kavu. Karakana za Songea na Peramiho zipewe nafasi ya kwanza ya kuomba kazi hiyo. Mchoro huo ubandikwe katika ofisi ya kila kijiji, Mpitimbi ikiwemo, ili anayeweka msingi wa nyumba yake mwaka huu ajue auweke kwa upana gani.